Siku Debora Aliponifungia Bafuni

Jamani, leo mwenzenu nimevuliwa nguo mchana kweupe. Na sisemi kwa mafumbo. (Nasema kwa mafumbo pia. Leo yote mawili yametokea.)

Aliyenivua ana miaka minne. Hivi ninavyoandika amelala chali, kinywa wazi, kama mtu ambaye tangu azaliwe hajamkosea yeyote.

Kwa wale tuliopoteana tangu Kilosa: nipo Tukuyu. Huu ni mwezi wa saba tangu tuhamie. Tumepanga nyumba kata ya Bagamoyo. (Si ile ya pwani. Hapa bahari hakuna, kuna mvua.) Baba Debora anaendesha lori, Dar hadi Malawi, na ndiye aliyechagua Tukuyu. Alisema, "Barabara inapita palepale. Kila safari nitakuwa nawaona."

Kweli anatuona. Anaegesha lori kule juu barabarani, anashuka, anakunywa chai amesimama, anambusu huyu, anamrusha yule juu, anaangalia saa. Safari iliyopita Eliya, mtoto wetu wa pili, wa miezi tisa, alimlilia akidhani ni mgeni. Baba mtu alicheka sana. Mimi nikaenda jikoni kukoroga uji ambao ulikuwa umeshaiva.

Kule Kilosa mtu anaishi nje. Joto lenyewe linakutoa ndani, na ukitoka lazima umkute mtu wa kumwambia kuwa leo kuna joto. Huku baridi inakurudisha ndani. Na ndani mwangu kuna watu wawili tu: mmoja hajui kuongea, mwingine hajui kunyamaza.

Majirani wapo. Siwasingizii. Mwanzoni nilikuwa nakwenda bombani asubuhi kama wenzangu. Nawasalimia, wananijibu vizuri tu, kisha wanarudi kwenye Kinyakyusa chao, wanaongea, wanacheka. Nilijua wananisema mimi. (Ushahidi sina. Ila ukiwa huna mwenzio, kila kicheko unadhani ni chako.) Nikaanza kwenda saa saba mchana, wakati bombani hakuna mtu.

Halafu kuna suala la bakuli. Wiki ile ya kwanza jirani wa upande wa pili wa migomba, Mama Atupele, alikuja na bakuli la ndizi zilizopikwa na nyama, za moto, zimefunikwa na jani. Tulikula, tukalamba vidole. Nikasema siwezi kumrudishia mtu bakuli tupu, nitapika kitu kizuri. Debora akaugua kikohozi. Eliya akawa halali usiku. Wiki ikapita, ukapita mwezi. Na bakuli la watu likishapita mwezi ndani ya nyumba yako, unaanza kulionea aibu. Nikalisukuma chini ya kitanda. Tangu hapo Mama Atupele amepiga hodi mara mbili. Mara zote mbili nilisimama nyuma ya mlango, Eliya mgongoni, kiganja changu kwenye mdomo wa Debora, mpaka akaondoka.

(Ndiyo. Mimi huyu. Niliyekuwa kiranja wa bweni.)

Basi leo Jumamosi, mvua ikakatika kidogo asubuhi. Nikabandika maharage kwenye jiko la mkaa, pale chini kwenye baraza ya nyuma. Nikampa Eliya ziwa, akalala kwenye godoro la chini. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikajaza maji ya moto kwenye ndoo.

Bafu letu liko nje, hatua kama kumi kutoka barazani. Kuta za matofali ya kuchoma, ndefu kunizidi. Nusu yake ina bati, nusu nyingine ni mbingu. Mlango wa mbao umeishia juu ya ardhi, kwa hiyo ukiwa ndani unaona miguu ya anayepita. Kwa nje una komeo la mbao, mwenye nyumba aliliweka kwa sababu ya kuku. Kuku wa mtaa huu wote wanapenda kutagia bafuni kwetu, sijui wameona nini.

Nawaambia ukweli, bafu lile ndilo ikulu yangu. Dakika kumi kwa siku, peke yangu kwa kupenda mwenyewe. Huko ndani nina shughuli mbili. Ya kwanza ni kuoga. (Ya pili mtaisikia, na si kutoka kwangu.)

"Debo," nikamwambia, "kaa hapo barazani, usisogelee jiko. Eliya akiamka, niite."

"Sawa mama."

Nikatundika kanga yangu juu ya mlango, nikaingia, nikausindika. Simu nimeiacha ndani kwenye chaji. Nikajimwagia maji. Jamani, maji ya moto kwenye baridi ya Tukuyu! Nikajipaka sabuni kichwani mpaka miguuni, povu jingi, macho nimefumba.

Nikasikia: ko! ko! ko!

"Debo, unagonga nini?"

"Nimefunga mlango, mama! Kuku hataingia!"

"Hongera, mwanangu!" nikajibu.

(Hongera! Nilimpongeza!)

Niliendelea kusugua kisigino kwa muda kabla akili haijanifikia. Nikausukuma mlango. Haukutikisika. Mbao za huku zinavimba kwa mvua, lile komeo hata mimi mwenyewe nalirudisha kwa jiwe. Na Debora ameniona nikifanya hivyo kila siku kwa miezi saba. Amelifunga kwa jiwe, kama alivyofundishwa.

"Debo, mama anaomba ufungue."

"Halifunguki."

"Livute huku upande wa migomba."

Nikasikia anavuta, anaguna kama mbeba mizigo. "Nimelivuta. Limekataa."

"Chukua lile jiwe, uligonge."

"Jiwe limeingia matopeni. Ngoja nikalete kijiko."

"Debo, kijiko hakiwezi..."

Ameshaondoka. Akarudi na kijiko. Akaligonga komeo la mbao kwa kijiko cha chai, kwa bidii na kwa upendo. Mimi huku nimesimama na povu linaloanza kukauka, nikijiambia tulia, watu wanapatwa na makubwa kuliko haya.

Hapo Eliya akalia.

"Mama, Eliya ameamka!"

"Nimesikia. Nenda kakae naye. Mwimbie."

"Ana baridi?"

"Labda."

Nikaona kanga yangu inatembea juu ya mlango, shwaa, ikatoweka. "Nampelekea hii," akasema. Nikaona vile visigino vyake vidogo vikikimbia. Ningeweza kusema usichukue. Sikusema, kwa sababu wakati ule bado nilikuwa najiona mtu ambaye mambo yake yanakwenda.

Sasa sikilizeni. Mtoto anayetambaa kilio chake kinahama. Nilikisikia kilio cha Eliya chumbani. Kisha kikawa kwenye ukumbi. Kisha kikakatika. Badala yake nikasikia ile sauti yake ya furaha, "da-da-da-da," anayoitoa akiona kitu kinachong'aa.

Na barazani kwangu kilichokuwa kinang'aa kilikuwa kimoja tu.

Hapa sitanii tena. Maharage yanachemka juu ya jiko, jiko liko chini, mtoto ana miezi tisa na kasi ya mjusi, mimi nimefungiwa na mtoto wa miaka minne kwa ajili ya kuku.

"Debo! Mshike Eliya! Mshike mguu!"

"Nimemshika!"

"Usimwachie! Mvute, mrudishe ndani!"

"Ni mzito!"

"Usimwachie tu, mama yangu, nakuomba!"

"Mkono wangu unachoka!"

Nikapiga mlango kwa bega. Bega likaumia, mlango ukabaki. Nikaigeuza ndoo, nikapanda juu yake ili niruke ukuta. Nikafanikiwa kuona ncha za migomba na kipande cha paa la Mama Atupele, kinafuka moshi. Halafu ndoo ikapasuka katikati na mimi nikapita ndani yake mguu mmoja. (Mguu huo bado una alama. Picha sitatuma.)

Nikafungua kinywa niite watu.

Hapo ndipo nilipogundua kitu. Sikuwa na jina la kuita. Miezi saba! Niliupitia kichwani mtaa mzima, nyumba kwa nyumba: yule wa geti la bluu, yule mwenye ng'ombe, yule mama wa mwanafunzi mrefu. Hakuna hata mmoja ninayemjua jina. Nikapiga kelele, "Jirani! Jiraniii!" Na nani ageuke? Kila mtu ni jirani wa mtu. Nikapiga, "Hodi! Hodi jamani!" (Hodi! Kutoka ndani ya bafu langu mwenyewe! Mtu akijibu karibu, niingie wapi?)

Jina nililokuwa nalo lilikuwa moja tu. La mwenye bakuli.

"Da-da-da," alisema Eliya.

"Mama, anateleza!" alisema Debora.

Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. "MAMA ATUPELEEEE! NAKUFAAAA! NJOO MAMA ATUPELEEE!"

Sauti ile sijui ilitoka wapi. Kwaya yote ya Kilosa ingenionea wivu. Mbwa wakabweka. Kuku wakaruka. Nikaita tena, na tena, mpaka koo likakatika.

Nikasikia migomba inachanwa. Watu wanakimbia. Na sauti ya mwanamke barazani: "Uuuh! Njoo hapa wewe, njoo, njoo, unataka kula moto?" Kisha sufuria ikibanduliwa, jiko likiburutwa. Kisha Eliya akilia ule mlio wa hasira, wa mtoto aliyenyimwa kitu. Mtoto aliyeungua halii vile.

Nikakaa chini pale pale juu ya vipande vya ndoo. Nilitaka kusema, niko huku, nifungulieni. Kinywa kikafunguka, sauti haikutoka. Machozi tu, na sabuni, na kamasi. Ndiyo maana niliyasikia yote yaliyofuata.

Walikuwa watatu. Mama Atupele. Mwenyekiti wetu wa mtaa, aliyekuwa anapita njiani kwenda shamba na panga lake, akasikia mtu anakufa. Na Bibi Subilaga, mama mkwe wa Mama Atupele, bibi wa miaka mingi sana. Huyo bibi alisikia ukunga wangu akajua ni msiba. Hakusubiri kuambiwa. Alijifunga kitenge kiunoni na akafika tayari analia.

"Nani amekufa?" Bibi akauliza katikati ya kilio. "Mjukuu wangu, nani amekufa?"

"Shikamoo bibi," akasema Debora. (Adabu anayo. Nimemlea.) "Hakuna."

"Nimesikia mtu analia!"

"Ni mama. Anaoga."

Kilio cha Bibi kikakatika.

"Anaoga?" akauliza Mama Atupele.

"Ndiyo. Mama akioga huwa analia."

Niliganda pale chini kama mtu aliyekanyaga waya wa umeme.

"Kila siku?" Hiyo ni sauti ya mwenyekiti.

"Kila siku. Analia hivi." Na mtoto wangu, niliyembeba miezi tisa, niliyemwachisha ziwa kwa taabu, akaanza kuniigiza. "Hii, hii, hii. Hii, hii, hii. Halafu anapenga kamasi, fyuu. Halafu anasema, 'Haya.' Halafu anatoka, anacheka."

Haya! Hata ile "haya" yangu aliijua! Mimi ndiye niliyekuwa najidanganya kuwa maji yanafunika sauti.

"Analilia nini, mwanangu?" Mama Atupele aliuliza polepole.

"Bibi wa Kilosa. Na baba. Na anasema hapa hakuna mtu."

Mwenyekiti akakohoa. Kikohozi cha mtu aliyechaguliwa na mtaa ambao leo ameambiwa hauna mtu.

"Mama yako anaitwa nani?" akauliza.

"Anaitwa Mama."

"Hapana, watu. Watu wanamwitaje?"

Debora akafikiri. Namjua akifikiri, anashika sikio. Kisha akajibu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya ukuta:

"Watu hawamwiti."

Jamani. Nimewahi kuanguka kanisani nikiwa nimebeba sadaka. Nimewahi kumkumbatia mwanamume stendi nikidhani ni mume wangu. Lakini sijawahi kuumbuka kama nilivyoumbuka pale chini, uchi, nywele zimesimama kwa povu kavu, nikisikiliza habari zangu zikisomwa kwa sauti ya chekechea.

Nikaona viatu vinakuja chini ya mlango. Kandambili za Mama Atupele. Miguu mitupu ya Bibi. Na mabuti ya mvua, makubwa, ya mwenyekiti.

"Mama Debora?" akasema mwenyekiti, akiwa ameshamwuliza mtoto jina lake, taratibu, kama anamwita mgonjwa. "Uko salama humo?"

"Niko salama," nikasema kwa sauti ya chura. "Nimefungiwa. Kwa nje."

Miguu yote ikasogea pamoja. Nadhani walikuwa wanalitazama komeo.

"Nani kakufungia?"

"Mimi!" akasema Debora kwa fahari. "Kuku hawajaingia!"

Mwenyekiti akaligonga komeo kwa mgongo wa panga. Mara moja, halikusogea. Hapo nikakumbuka kanga.

"Mwenyekiti, subiri! Sina..."

Akaligonga mara ya pili. Na mimi nilikuwa nimeuegemea mlango ili ninyanyuke.

Nilitoka bafuni kama gunia la viazi linavyoshuka kwenye lori. Nilitangulia kichwa. Nimeshika mbele yangu taulo la Eliya lililokuwa limesahaulika bafuni, lile dogo lenye picha ya bata, linalotosha kumkausha bata tu. Nikatua kwenye matope, miguuni pa serikali ya mtaa.

"Geukaaa!" Mama Atupele akampigia kelele mwenyekiti.

Mwenyekiti akageuka. Aligeuka kwa heshima kubwa, akaitazama migomba kama anaihesabu. Tatizo ni kwamba alikuwa amechelewa, na yeye anajua, na mimi najua, na huyo ndiye mtu anayesaini barua zote za mtaa huu.

Bibi Subilaga akavua kitenge chake cha juu, akanifunika. Hakucheka. Alinifuta povu usoni kwa kiganja, kwa nguvu, kama mtoto aliyechezea unga. Kisha akaniingiza ndani akiwa ameshika mkono wangu, wakati mimi ndiye niliyepaswa kumshika yeye.

Tukakaa. Eliya alikuwa mgongoni kwa Mama Atupele, amefungwa na kanga yangu, ametulia kama yuko kwao. Mguu wake mmoja ulikuwa na alama nyekundu za vidole. Vidole vidogo. Debora hakumwachia. Nimembusu ule mkono mpaka akaniuliza kama una pipi.

Mwenyekiti aliaga akiwa bado anatazama upande wa migomba. "Pole, mama," aliiambia migomba. "Tupo. Ukiwa na shida, mtaa upo." Akaondoka haraka.

Mama Atupele ndiye aliyeanza. "Miezi saba, mwenzangu! Mi nilijua unaringa."

"Mimi?"

"Unachota maji saa saba! Tukasema huyu mama wa mjini hataki kuchanganyika na sisi. Nimekuja kupiga hodi mara mbili, kimya. Nasikia kabisa mtu anapumua."

"Nilidhani umefuata bakuli," nikasema.

"Bakuli gani?"

Alikuwa amelisahau! Nimejificha miezi mitano kwa bakuli ambalo mwenyewe halikumbuki! Nilitaka tuyaishie hapo, lakini Debora alishaingia chini ya kitanda, akatoka nalo, lina utandu wa buibui na soksi moja ya Eliya ndani. "Hili hapa," akasema. "Mama alisema tukikusikia tusipumue."

Mama Atupele akacheka mpaka Eliya akarukaruka mgongoni kwake. Nikacheka na mimi. Halafu katikati ya kucheka nikajikuta nalia tena, ile ya "hii, hii, hii" hasa, mbele za watu, na Debora akanyoosha kidole: "Mnaona? Ndiyo hivi."

Bibi Subilaga akaongea kwa Kinyakyusa, muda mrefu, akinitazama mimi. Sikuelewa hata neno moja. Nikamgeukia Mama Atupele.

"Anasema yeye alitoka Matwebe, akaletwa hapa akiwa binti. Hakuwa anamjua mtu. Anasema alikuwa analilia kwenye migomba, mwaka mzima. Anasema wewe una bahati, bafu lako lina mlango."

Nikamtazama bibi. Alikuwa hana mzaha kabisa. Matwebe hapo! Ni wilaya hii hii! Nikajiuliza, kama mtu anaweza kulia mwaka mzima kwa kutoka Matwebe, mimi wa Kilosa si natakiwa nilie miaka kumi?

Walipoondoka, Mama Atupele alisema, "Jumatatu asubuhi nakupitia, twende bombani." Nikasema sawa. Sijui kama atakuja. Watu husema mengi wakikuonea huruma. Nitajiandaa mapema, halafu nitajifanya sikuwa nimejiandaa.

Mchana nikatoka kwenda dukani kununua ndoo nyingine, wanangu wawili pamoja nami. Sijafika hata kona. Yule mama wa geti la bluu akaniita kutoka mbali, "Mama Debora! Pole eeh!" Mwenye ng'ombe naye, "Pole, mama." Nikasema labda wanazungumzia kufungiwa. Nikafika dukani. Kijana wa duka akanipa ndoo, akaniangalia kwa upole mkubwa, akasema:

"Dada, usiwe unalia peke yako bwana. Hata hapa dukani unaweza kuja."

Kulia! Dukani! Kati ya mafuta ya taa na unga! Miezi saba mtaa haukujua jina langu, leo kwa saa tatu tu umelijua, na umejua na ratiba yangu ya kulia.

Saa nane Baba Debora akapiga. Yuko mpakani Kasumulu, foleni ya malori haisogei. Nyuma yake nilisikia wenzake wanacheka, redio inaimba.

"Vipi huko? Kuna jipya?"

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Komeo, kijiko, bata, mwenyekiti. Na lile neno la mtoto, kwamba watu hawaniiti. Nikatazama watoto, wamelala, mmoja kamlalia mwenzie mguu.

"Hakuna jipya," nikasema. "Maharage yameungua kidogo."

"Ah, pole. Wiki ijayo nikipita nitaleta samaki wa ziwani." Akaniambia mtandao unasumbua. Ukakata.

Sasa ni saa tisa. Mvua imerudi, inapiga bati mpaka siwezi kusikia saa ya ukutani. Nikaona niwaandikie ninyi, maana najua kundi hili halijapata ujumbe tangu mtu alipotuma salamu za sikukuu.

Basi chekeni, nimewaruhusu. Mkishamaliza, mmoja wenu anipigie. Si lazima awe na la kusema.